Kopo la Nyanya la Bei Kubwa: Safari ya Bonde la Mto Sarno

Treni ndogo itokayo Napoli hupita chini ya mlima Vesuvius, mlima ule ule ulioufunika mji wa Pompei kwa majivu mwaka 79, na ambao mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1944. Baada ya Pompei husimama Scafati. Hapo ndipo niliposhuka mwezi wa Agosti, nikiwa mgeni wa shemeji yangu afanyaye kazi Napoli, na nikiwa na swali nililotumwa na akina mama wa jiko la msikiti wetu, Tanga.

Swali lenyewe ni hili. Lile kopo la nyanya za Kiitaliano lenye jina la San Marzano, ambalo kwa bei yake mtu hupata makopo matatu ya kawaida, lina nini ndani yake? Kila Ramadhani kamati yetu hununua nyanya kwa ajili ya futari ya watu wengi, na fedha hizo ni michango ya waumini, wengine wakitoa shilingi mia tano. Mfadhili mmoja, Allah amlipe kheri, alitushauri tununue kilicho bora. Nami kama katibu ndiye niandikaye orodha na kuitia saini.

Bonde la Sarno, lililo baina ya Napoli na Salerno, si pana kama nilivyodhani. Nilikuta vijishamba vilivyobanwa baina ya nyumba, barabara na viwanda, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira. Udongo ni mweusi na mwepesi, wenye majivu ya volkano. Ama mto wenyewe, unasikitisha: kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa mito iliyochafuliwa zaidi barani Ulaya, kwa taka za viwanda vya ngozi na za hivi hivi vya kusindika nyanya. Hilo halimo katika picha nzuri iliyochapishwa juu ya kopo.

Mmea wa San Marzano hupandishwa juu kwa vijiti na nyuzi hata ukakaribia kukipita kimo cha mtu, na aliyewahi kupita mashamba ya Lushoto hataona ajabu. Tunda lake ni refu, jembamba, lenye ncha. Nyama yake ni nyingi, mbegu chache, na ganda humenyeka kwa wepesi. Haliivi kwa mkupuo mmoja. Mvunaji hurudi shambani mara kadhaa, kuanzia Julai hadi Septemba, akichuma kwa mkono yale yaliyoiva tu. Hapo ndipo penye sababu ya kwanza ya bei. Nyanya nyingi za viwandani zimezalishwa ziwe na ganda gumu na ziive pamoja, ili mashine ipite mara moja na kuzikomba zote, mbivu na zilizokuwa zingali na ukijani begani.

Magonjwa ya virusi na ushindani wa nyanya hizo chotara vilikaribia kuiondoa San Marzano mashambani. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina lake kwa herufi tatu, DOP, zenye maana ya jina la asili lililohifadhiwa. Anayeruhusiwa kulitumia ni aliyelima na kusindika ndani ya eneo lililotajwa, kwa kanuni zilizoandikwa, na nyanya ziwe zimemenywa, nzima au zilizopasuliwa vipande virefu. Basi ukikuta kopo lenye jina hilo, na ndani mna nyanya zilizosagwa au kukatwa vipande vya mraba, jua kuwa si lenyewe. Mbegu hupandwa popote, Marekani ikiwemo, na jina likaandikwa kwa herufi kubwa; bali muhuri wa DOP na namba ya kopo havipatikani kwa kupanda mbegu tu. Mtu anayelipa bei ya muhuri bila kuutafuta muhuri amelipia karatasi.

Jioni ile tulinunua makopo matatu katika duka la mtaani: la bei ya chini kabisa, la kati, na lenye muhuri. La kawaida la gramu 400 halikufika yuro moja. Lenye muhuri lilizidi yuro mbili. Mke wa shemeji akayatia katika bakuli zisizo na alama, tukaonja. Zilipokuwa mbichi, tofauti haikuhitaji mtaalamu. Zenye muhuri zilikuwa laini, uchachu wake mpole na utamu wake ukakaa mdomoni. Za bei ya chini zilikuwa majimaji mengi na vipande vigumu. Za kati hazikuwa mbali na za muhuri.

Kisha tukapika rojo jepesi la kulia tambi, kwa mafuta ya zeituni, thomu na chumvi, dakika ishirini motoni. Sisi wakubwa watatu tulilitambua lile lenye muhuri. Mtoto wao wa miaka tisa alichagua la kati, na akashikilia hapo.

Siku ya pili tukapika mchuzi wa samaki wa nazi kama wa nyumbani: kitunguu, tangawizi, thomu, bizari, ndimu na tui zito. Hapakuwa na aliyeweza kusema lipi ni lipi, na mimi nilijitahidi sana kwa kuwa safari yangu yote ilikuwa kwa ajili hiyo. Upole wa nyanya ile ghali umemezwa na viungo, na moto wa saa nzima umesawazisha yaliyobaki. Pilau ndiyo zaidi.

Kwa hiyo kopo lile si ulaghai, ila thamani yake huonekana pale nyanya inaposimama peke yake. Familia inayotaka kula tambi kwa rojo jepesi siku moja katika mwezi haitakosea kulinunua. Ama sufuria ya futari ya watu mia mbili, kulimimina humo ni israfu.

Faida kubwa zaidi niliipata katika kusoma maandishi ya kopo. Huku kwetu tukisema nyanya ya kopo, mara nyingi tunakusudia lile rojo zito jekundu la kuongeza rangi, nalo ni kitu kingine. Katika hilo tazama kama kuna wanga au rangi iliyoongezwa. Palipo na nyanya na chumvi pekee ndipo pa kununua. Katika nyanya za vipande tazama kama imetajwa kalsiamu kloridi. Hutiwa ili vipande visivunjike, navyo havivunjiki kweli, hata ukitaka viyeyuke katika mchuzi. Nyanya nzima zilizomenywa, ndani ya maji yake yenyewe, za bei ya kati, hizo ndizo zilizo karibu zaidi na mahitaji yetu.

Ijumaa niliswali katika msikiti ulio jirani na kituo kikuu cha reli cha Napoli. Baada ya swala nilikaa na vijana wa Senegal, Mali na Gambia, nikawaeleza nilichokuja kukitafuta. Mmoja akacheka. Alikuwa amechuma nyanya Foggia, katika mkoa wa Puglia upande wa pili wa nchi, ambako hutoka sehemu kubwa ya nyanya zinazoletwa kwa malori kusindikwa katika viwanda vya huku Campania. Mashine zimechukua kazi nyingi huko, lakini mikono ingali inahitajika, na mingi ni ya wahamiaji. Wengine huishi katika mabanda ya Borgo Mezzanone, kando ya njia ya zamani ya ndege. Mwezi wa Agosti mwaka 2018, katika muda wa siku tatu, wafanyakazi 16 wa Kiafrika waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walifariki katika ajali mbili za barabarani karibu na Foggia. Sheria namba 199 ya mwaka 2016, inayowaadhibu madalali wa vibarua na waajiri wanaowanyonya, ilikuwa tayari ipo.

Nilimuuliza kama kopo la bei kubwa humlipa mchumaji vizuri zaidi. Alijibu kuwa kopo halimjui mchumaji. Na kweli, muhuri wa DOP unashuhudia mahali na namna ya kulima, haushuhudii ujira. Hata hivyo bei iliyo chini mno ni lazima imepunguzwa mahali fulani, na jasho la kibarua ni rahisi kupunguzwa kuliko bati.

Orodha niliyoipeleka kwenye kamati ina nyanya mbichi za Lushoto, ambazo mkulima wake tunampigia simu na vibarua wake tunawajua. Zikipanda bei wakati wa mvua, tutachukua nyanya nzima za kopo za bei ya kati. Kopo lenye muhuri halimo, na la bei ya chini kabisa halimo. Mfadhili wetu aliisoma, akaridhia, na fedha zilizobaki zikaongezwa kwenye tende na mchele.