Ziwani na Wageni wa Mombasa

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Kisumu

Wageni wamefika kwa basi, wamechoka lakini nyuso zao zina furaha. Jioni tuliwapeleka ufukwe wa Dunga kula ngege wa kukaanga, ugali na sukuma wiki. Shoga yangu aliulizia samaki wa nazi, mwenye kibanda akacheka na kumwongezea pilipili.

Shemeji, naye mgeni wetu, alikulia Mji wa Kale wa Mombasa, kwao ni baharini. Hata kabla ya kunawa mikono alishamuuliza kijana wa boti: "Maji yanakupwa saa ngapi?"

"Mzee, hapa hayakupwi. Sisi tunaangalia upepo."

Kijana akamweleza kwamba asubuhi ziwa hutulia, na mchana upepo huvuma kutoka ziwani na kuinua mawimbi mafupi yanayofuatana kwa karibu. Shemeji alimsikiliza kama mwanafunzi. Nimependa sana.

Watoto walitaka kuona taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Hawakuiona hata moja, maana leo mwezi ni mpevu. Omena huifuata taa gizani. Mbalamwezi ikitanda hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Uvuvi wenyewe umefunguliwa mwezi huu tu, baada ya kufungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane.

Jumatatu, 11 Agosti. Mbita

Tulikuja kwa gari hadi Luanda K'Otieno, tukavuka kwa feri. Ahueni kuyaacha magugu maji ya upande wa Kisumu! Huku maji ni mapana na safi machoni. Binti mdogo wa shoga yangu alichota maji kiganjani, akayaonja, akashangaa hayana chumvi. Nikawaambia watoto wote wasiingie kwenye matete: konokono wa kichocho wamejaa humo.

Mchana tulikwenda kisiwa cha Rusinga kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya. Alizaliwa 1930, akauawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla hajatimiza miaka 39. Shemeji alimwombea dua.

Jumanne, 12 Agosti. Mfangano

Tumeondoka Mbita alfajiri. Kapteni wa boti alimvalisha kila mtoto jaketi la kuokolea, akafunga mkanda wa kupita katikati ya miguu, kisha akamwinua kwa mabega ya jaketi. Jaketi la mwanangu wa mwisho lilipanda hadi masikioni. Kapteni akamvua, akaenda dukani kutafuta dogo zaidi, sote tukimngoja. Hakuna aliyenung'unika.

Kisiwani Takawiri tulikaa kidogo mchangani, kisha tukaenda kisiwa cha Mfangano. Tulipanda mlimani kutazama michoro ya mwambani: miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, inayosemekana ni kazi ya Watwa waliokuwa wawindaji. Shoga yangu alikaa mbele ya jiwe lile muda mrefu, hataki kuongea wala kupigwa picha.

Tuliporudi ufukweni upepo ulikuwa umeshapanda. Nilimwambia kapteni tuna vyumba Mbita, tumeshalipia.

"Mama, leo siwavushi."

Shemeji alitazama ziwa, akasema, "Nahodha ameshasema." Basi, tukatafuta pa kulala. Mwenye nyumba alituonea huruma, akatupikia omena kwa nyanya na vitunguu. Wageni wangu waliogopa macho yale madogo, halafu wakafuta sahani.

Giza lilipoingia mwezi ulikuwa haujachomoza, na taa zikaanza kuwaka majini, moja huku, moja kule, mpaka watoto wakashindwa kuzihesabu. Kapteni aliwaonyesha jinsi taa inavyoachwa ielee, omena wakusanyike chini yake, kisha wavuvi wawazungushie wavu. Saa tatu mwezi ukatoka.

Alhamisi, 14 Agosti. Kisumu

Jana asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa na tukavuka salama. Leo wageni wamepanda basi na gunia dogo la omena wakavu.

Nawaza juu ya yule kapteni. Pesa zetu zilikuwa mkononi mwake na angeweza kujaribu, na sisi tusingejua hatari mpaka tufike katikati. Watu wa namna hiyo ndio wa kukabidhiwa watoto. Namba yake nimeihifadhi. Wageni wamesema watarudi Desemba, na safari hiyo tutaipanga kwa kufuata giza la mwezi.