Sifuri Iliyomfungia Mzee Runinga

Najua nimekuwa kimya, na najua niliahidi kwamba makala ijayo ingehusu namna ya kuhifadhi nakala za hifadhidata. Itangoja. Nina donge kooni tangu Septemba 2025, na kila nikikaa mbele ya tarakilishi kuandika jambo jingine, inanirudia ile dekoda ya Mzee.

Niwaeleze kwanza Mzee ni nani katika habari hii. Baba yangu alifundisha shule ya msingi kwetu Nandi hadi akastaafu, na kila jioni baada ya masomo alikuwa uwanjani na filimbi akiwakimbiza watoto. Mwaka 2023 alipata kiharusi. Sasa hutembea kwa mkongojo kutoka kitini hadi mlangoni, akasimama kidogo, akarudi. Marafiki zake wako upande wa pili wa kilima na yeye hawezi tena kupanda kilima. Kwa hivyo watu wakiniambia runinga ni anasa, huwa nanyamaza.

Zamani tulikuwa na Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri tuliipeleka sokoni kuchajiwa kila wiki, na mimi ndiye nilikuwa fundi wa kuzungusha antena huku ndugu zangu wakipiga kelele ndani, "Hapo hapo! La, rudisha!" Kisha ikaja ile zogo ya kuhamia dijitali. Mnakumbuka Februari 2015, stesheni kubwa za Nairobi zilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu? Kwetu kilima kinakinga mawimbi ya dijitali ya ardhini, basi tukalazimika kuweka dishi na dekoda ya kulipia. Tangu hapo sehemu ya pensheni ya Mzee huenda huko kila mwezi.

Sasa, mnamo Julai 2025 dekoda ilianza kujizima. Inawaka, picha inakuja, dakika tano hivi, giza. Inajiwasha tena yenyewe. Mama akaita fundi. Fundi akapanda juu ya mabati, akasogeza dishi, akashuka, akachukua shilingi 1,500. Baada ya siku tatu, hadithi ile ile. Fundi akarudi, akalaumu mvua, akachukua 1,500 nyingine.

Mvua kweli ina lawama zake. Setilaiti hizi zimening'inia takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi yanapofika kwetu ni dhaifu mno, hata matone ya mvua kubwa yanaweza kuyameza. Lakini mawimbi yakipungua, picha hukatika vipande vipande kama vigae, au maandishi yanatokea kwamba hakuna mawimbi. Dekoda haijizimi kwa sababu ya mvua. Ningekuwa nyumbani ningemwambia fundi hivyo, ila nilikuwa Nairobi, na kwa simu Mama aliona ni heri kumwamini mtu aliyepanda juu ya paa.

Nilienda nyumbani mwanzoni mwa Septemba nikiwa na kile kipimo changu cha umeme. Adapta ya dekoda imeandikwa volti 12. Nikaipima peke yake: 12 kamili. Nikaichomeka kwenye dekoda nikapima tena wakati inawaka: 9. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na kapasita mbili zilizovimba kama maharagwe yaliyolala majini usiku kucha. Nikanunua adapta nyingine Kapsabet kwa shilingi 600, na ugonjwa ukaisha. Shilingi 600, baada ya 3,000 za kusogeza dishi ambalo halikuwa na kosa lolote!

Mzee alifurahi, maana mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo yalikuwa yanaanza. Tarehe 13 Septemba alimwona Beatrice Chebet akishinda mita 10,000. Tarehe 16 alimwona Faith Kipyegon akishinda 1,500. Jumamosi tarehe 20 wawili hao wangekutana kwenye mita 5,000, halafu jioni hiyo hiyo Emmanuel Wanyonyi akimbie fainali ya mita 800. Mzee alikuwa ameandika saa kwenye kalenda ya ukutani kwa mkono wa kulia.

Alhamisi tarehe 18 malipo ya mwezi yakaisha. Mama akalipa kwa M-Pesa jioni hiyo, akapata ujumbe kwamba pesa zimefika. Runinga ikabaki imefungwa.

Hapa niseme kidogo jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Picha inayotoka angani imefumbwa, na ufunguo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi iliyo ndani ya dekoda ndiyo inayojua kuufumbua, ikiwa imepewa ruhusa. Ruhusa yenyewe haiji kwa intaneti wala kwa simu. Inatumwa kupitia setilaiti ile ile, kwa dekoda zote kwa pamoja, na kila kadi inaokota ile yenye namba yake. Dekoda ikiwa imezimwa wakati ruhusa inapita, imekosa, ni lazima itumwe tena. Ndiyo sababu wanakuambia uache dekoda ikiwa imewaka. Na ndiyo sababu tovuti ya kampuni ina kitufe cha kuomba ruhusa itumwe upya. Mpango mzuri kabisa.

Ila kampuni ilikuwa imezindua tovuti mpya wiki hiyo hiyo. Kila mteja alitakiwa kujisajili upya.

Ijumaa usiku nikaketi nimsajili Mama. Laini yake inaanza na 0110. Tovuti ikakataa: namba ya simu si sahihi, lazima ianze na 07. Jamani! Tangu mwaka 2019 kuna namba za simu hapa Kenya zinazoanza na 01. Nikafungua msimbo wa ukurasa katika kivinjari, nikaona sharti lenyewe limekaa pale, nikalifuta, nikabonyeza tena. Ikapita! Seva haikuuliza chochote. Yaani mlinzi alikuwa amewekwa upande wa mgeni, na mgeni anaweza kumwambia aende akalale. (Sikufanya zaidi ya hapo, na nyinyi msifanye. Nilitaka tu Mama asajiliwe.)

Hatua ya pili ni namba ya kadi. Kadi ya Mzee ina tarakimu 11 na ya kwanza ni sifuri. Nikaiandika. Jibu: kadi haipo. Nikaiandika tena polepole, kidole kikifuata kila tarakimu kwenye picha aliyonitumia Mama. Kadi haipo. Nikatazama kile ambacho kivinjari kilikuwa kinapeleka kwa seva, na hapo nikacheka kicheko cha uchungu. Zilikuwa zinaenda tarakimu 10. Sifuri ilikuwa imedondoka njiani.

Wale mnaoandika programu mmeshaelewa. Mtu alichukua namba ya kadi akaifanya idadi. Kwenye hesabu, sifuri ya mbele haina maana, tarakilishi inaitupa. Lakini namba ya kadi ni jina tu lililoandikwa kwa tarakimu. Huwezi kujumlisha kadi mbili ukapata kadi ya tatu. Basi nikajaribu kuiandika bila sifuri, labda huko ndani wanaijua hivyo. Jibu: namba ya kadi lazima iwe na tarakimu 11.

Nilizunguka hapo hadi saa saba usiku. Jaribio la mwisho lilileta ukurasa mweupe wenye hitilafu 500, na ushauri kwamba nijaribu tena baadaye.

Na pesa je? M-Pesa huweza kuiuliza kampuni kama akaunti iliyoandikwa ipo kabla ya kupokea malipo, kampuni ikiomba huduma hiyo. Hawa ama hawakuiomba, ama walikubali chochote kilicholetwa. Pesa za Mama zilipokelewa vizuri, zikaenda kukaa mahali pasipo na mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Dakika 26 za muziki, kwa gharama yangu. Hatimaye akapokea dada mmoja, sauti yake ya upole lakini imechoka. Akaniambia niingie kwenye tovuti. Nikamweleza ya sifuri. Akanyamaza.

"Bwana, naomba usubiri kidogo, inafunguka," akasema.

Tukasubiri. Nikasikia anabonyeza, anapumua, anabonyeza.

"Wewe unatumia mfumo gani?" nikamwuliza.

"Ni huo huo wenu," akasema. "Walituhamisha sote Jumatatu."

Sikuwa tena na hasira naye. Kumbe mimi na yeye tulikuwa tunakitazama kile kile kiduara kinachozunguka, mimi Nairobi na yeye sijui wapi, na yeye anatukanwa kwa ajili yake siku nzima. Akachukua maelezo yangu kwenye karatasi. Naam, karatasi! Akaahidi kuyapeleka kwa mkono kwa watu wa mitambo, ila akasema wikendi wako wachache.

Saa tisa alasiri runinga ya Mzee bado imefungwa. Nikampigia Mama nikamwambia aweke simu kwenye spika, aiweke juu ya meza karibu na kiti. Mimi nikafungua mbio kwenye tarakilishi yangu. Nikajaribu kuwasikilizisha mtangazaji moja kwa moja, sauti ikawa makelele matupu. Basi nikaanza kutangaza mwenyewe.

Sijawahi kutangaza mbio. Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu, na ile ya mwanzo ilikwenda taratibu mno, wote wamebanana kama abiria wa matatu. Nikaishiwa na la kusema. "Wako wapi wetu?" Mzee akauliza. Tangu kiharusi maneno yake hutoka mojamoja. Nikamwambia wamekaa nyuma ya wengine. "Vizuri," akasema. "Wasitoke." Baada ya mizunguko miwili: "Upepo?" Sikujua kama kuna upepo. Nikaanza kutazama bendera na nywele za wakimbiaji ili nimjibu. Alikuwa ananifundisha kutazama, hata bila yeye kuona.

Mzunguko wa mwisho nadhani nilipiga kelele tu. Kipyegon anakuja, Chebet anakuja, Muitaliano Battocletti hachoki. Chebet wa kwanza, Kipyegon wa pili! Kule nyumbani nikasikia mkongojo ukigonga sakafu, mara tatu, na Mama akicheka. Kwenye mita 800 hapakuwa na nafasi ya kupumua. Wanyonyi alimaliza kwa 1:41.86, wa pili na wa tatu wakimkanyaga visigino, na mimi sauti imekauka.

Saa mbili usiku Mama akaniandikia ujumbe: runinga imefunguka. Yule dada alitimiza neno lake. Siku mbili zilizopotea hazikurudishwa.

Kuhusu asili ya kosa, sina ushahidi, nina dhana tu. Tovuti ya zamani iliijua kadi ya Mzee kwa miaka bila shida. Nadhani wakati wa kuhama mtu alitoa orodha ya wateja, akaifungua kwa Excel, na Excel ikiona tarakimu tupu huzifanya idadi na kutupa sifuri za mbele. Akahifadhi, akaipandisha kwenye mfumo mpya. Dakika tano za kazi. Kila mwenye kadi inayoanza na sifuri akatoweka, na waliojaribu kujaribu mfumo huenda kadi zao zilianza na tarakimu nyingine.

Jumapili nzima niliandika barua pepe kali kwa kampuni. Sikuituma. Jumatatu asubuhi kitu kikanisukuma nifungue msimbo wa fomu niliyokitengenezea chama kimoja cha akiba na mikopo mwaka 2021, kazi yangu ya pili tangu nimalize chuo. Nikatafuta sehemu ya namba ya simu. Lazima ianze na 07. Maoni yaliyo juu ya mstari huo yana jina langu.

Nilirekebisha kabla ya chai. Kisha nikampigia katibu wa chama, nikamwuliza kama kuna wanachama waliowahi kulalamika kwamba fomu inakataa simu zao.

"Wapo wengi," akasema. "Huwa nawaambia waazime namba ya mtu."