Wino wa Mashairi ya Mama

Sisi watu wa vitabu tunajadili maneno usiku kucha, lakini wino tunauacha kwa mafundi. Mimi nimeanza kuujali tangu nilipoamua kuchapa mashairi ya marehemu mama hapa nyumbani Tanga: nakala saba, moja kwa kila mtoto wake. Aliyaandika kwa penseli kwenye madaftari manne, na penseli inafutika. Hakuna mchapishaji anayeyasubiri.

Dukani nikauliza ni wino upi unadumu. Kijana akanijibu, "Dada, wino ni wino tu, chukua huu wa bei poa." Si kweli. Kwa hizi printa zinazorusha matone ya wino, kuna aina mbili.

Wa kwanza wanauita dai. Rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai, ikazama ndani ya nyuzi za karatasi. Ni rahisi, na picha kwenye karatasi ya kung'aa hutoka murua. Ila kilichoyeyuka huyeyuka tena: tone la maji likiangukia beti, herufi zinatambaa. Mwanga nao huufifisha. Jina limeukaa: unaokoa shilingi leo, kesho miaka inakudai.

Wa pili ni pigmenti. Hapa rangi haiyeyuki. Ni chembe ndogo mno zinazoelea, na kimiminika kikikauka zinabaki zimeng'ang'ania juu ya karatasi. Unastahimili maji na mwanga zaidi. Lakini bei imechangamka, printa ikikaa bila kazi matundu huziba upesi zaidi, na nyeusi yake kwenye karatasi ya kung'aa mara nyingi haishiki, ukiipitishia kidole inatoka. Wala usiumimine kwenye printa iliyotengenezewa dai.

Nyeusi hiyo ya pigmenti kwa kawaida ni kaboni, yaani masizi. Na masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti ndiyo yaliyokuwa wino wa wanakili wengi wa hati za Kiarabu tangu kale. Kumbe kitu kipya cha dukani ni mjukuu wa kitu cha zamani sana.

Namfikiria Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikuja kukusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na diwani ikatoka 1940. Karibu karne nzima yalitegemea vinywa vya watu na karatasi chache. Mangapi hayakufika?

Basi nikaamua: maandishi kwa pigmenti nyeusi, picha ya mama kwa dai, ikae ndani ya bahasha mbali na jua. Zipo printa za nyumbani, kama Canon G2010, zenye nyeusi ya pigmenti na rangi nyingine tatu za dai, kwa hiyo mashine moja inatosha.

Dada yangu wa Muheza hakukubali. "Mdogo wangu, hela hiyo ungechapa nakala thelathini za bei rahisi, wajukuu wote wapate. Shairi linaishi kwa kusomwa, si kwa kufungiwa kabatini."

Nimelifikiria neno lake wiki nzima, na sina la kulipinga. Kina Muyaka waliokolewa na wino, lakini kwanza waliokolewa na watu waliowajua kwa moyo. Kwa hiyo zile saba ni za pigmenti, ziwekwe. Zile za wajukuu ni za dai: zimwagikiwe chai, zichakae, ilimradi zisomwe.