Kalenda ya Mgodi na Kalenda ya Korosho

"Watu wa Kusini hawakai kazini." Kauli hii nimeisikia Mtwara mjini, nimeisikia Lindi, na ndugu zangu wa Ziwani, huko huko Mtwara, wamenisimulia kwenye simu jinsi msimamizi wao alivyoitamka mbele yao kama jambo lisilo na ubishi. Ikifika Oktoba vibarua wanapungua kwenye miradi, na sababu inayotolewa haibadiliki: hawa ni wavivu, tuwalete wa kutoka mikoa mingine. Naipinga kauli hiyo kwa moyo wote. Naipinga nikiwa Perth, Australia, ambako kazi yangu ni kupanga zamu za wafanyakazi wa machimbo ya chuma, na ambako kila wiki naona kampuni zikihangaika kumshika mtu asiondoke.

Machimbo yenyewe yako Pilbara, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa jiji hili. Wafanyakazi wengi hawahamii huko. Wanapanda ndege, wanapiga kazi siku 8 mfululizo, saa 12 kwa siku, kisha wanarudi nyumbani siku 6. Wengine hukaa wiki 2 na kupumzika wiki 1. Anayeomba kazi huwa ameshajua mishahara inavyokwenda sokoni. Anachouliza ni ratiba. Nimeshuhudia waendesha mitambo wazuri wakihamia kampuni inayolipa kidogo kuliko ile waliyokuwa nayo, kwa sababu tu huko watakuwepo nyumbani watoto wakiwa likizo.

Sisemi kwamba waajiri wa huku wana huruma kuliko wa kwetu. Mwaka 2015 kamati ya Bunge la Australia Magharibi ilichapisha ripoti nzito kuhusu afya ya akili ya wafanyakazi hawa wanaosafirishwa kwa ndege, na ratiba ndefu zinazomweka mtu mbali na familia zilikuwa sehemu ya lawama. Mwaka 2022 ikatoka nyingine, kuhusu wanawake wanavyonyanyaswa kijinsia kambini. Aliyezisoma hizo hawezi kuisifu Pilbara bila kusita. Kilichowabadilisha waajiri, kwa kiasi walichobadilika, ni uchache wa watu. Jimbo lilipofunga mipaka yake wakati wa korona, hadi Machi 2022, wenye migodi waliona kwa macho yao maana ya mtambo kusimama kwa kukosa dereva.

Kwetu mikono ni mingi, kwa hiyo anayeondoka hahesabiwi kuwa hasara. Asubuhi getini wapo wengine kumi wanaosubiri.

Sasa tuitazame hiyo Oktoba. Familia ya Mtwara yenye mikorosho inaanza mwaka wake kwenye palizi, inapuliza salfa kuanzia kama Mei hadi Agosti, halafu korosho zinaanza kudondoka. Lazima ziokotwe, zianikwe na kufikishwa chama cha msingi kabla ya mvua, maana korosho iliyolowa inashuka daraja. Kisha mnada. Katika msimu wa 2024/25 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hizo wiki chache ndizo zinazolipa ada, bati, deni la duka na mahari. Halafu mtu huyo huyo anayelipwa kwa kutwa, asiye na mkataba wala kadi ya NSSF, anatarajiwa abaki akibeba mifuko huku korosho za mama yake zikilowa shambani. Angebaki, mimi ndiye ningemshangaa. Hajakimbia kazi. Amekwenda kwenye kazi nyingine, inayomlipa zaidi, na ambayo itakuwepo hata mradi ukifungwa.

Waajiri wa zamani walilijua hili vizuri sana. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliletewa manamba kutoka mbali, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Mtu wa mbali alikuwa na faida moja kubwa kwao: shamba lake halikuwa karibu, hivyo hakuwa na pa kwenda. Ninaposikia leo kwamba suluhisho ni kuwaacha wa Ziwani na Madimba na kuleta wa mbali, nauona mkonge ule ule.

Lipo pia jambo la msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 4 yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa, jando, urithi na ugomvi wa ardhi. Mpwa asiyeonekana kwenye mazishi ya mjomba wake ana mengi ya kujibu. Kwa hiyo anaondoka bila ruhusa, na akirudi anakuta jina lake limefutwa. Waliotunga sheria hawakuwa na nia mbaya. Waliandika familia waliyoifahamu wao.

Huku nilipo, Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, walifukuzwa kazi migodini kwa sababu hiyo hiyo kwa miaka mingi. Msiba kwao una wajibu mrefu na ndugu wanaohusika ni wengi. Leo kampuni kadhaa zimeandika likizo ya mila kwenye mikataba yao ya kazi, na ndugu wanatambuliwa kwa hesabu ya Waaborijini wenyewe. Mfano ninaoupenda ni mgodi wa almasi wa Argyle, uliofungwa Novemba 2020. Mwanzoni ulikuwa ukisafirisha watu kwa ndege kutoka Perth. Baadaye ukaamua kuajiri watu wa karibu, wa Kununurra na vijiji vya jirani, na badala ya kutegemea karatasi za mtihani na usaili wa ofisini, waombaji waliwekwa pamoja siku kadhaa wakitazamwa wanavyofanya kazi. Mkataba na wenye ardhi ulihusu pia ajira zao. Waliokuwa wakiitwa watu wasiokaa kazini wakawa sehemu kubwa ya wafanyakazi.

Mtwara ilikuwa na nafasi kama hiyo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini kelele za ajira zilipanda bomba la kwenda Dar es Salaam lilipoanza kujengwa. Kuanzia 2012 VETA ya Lindi na Mtwara, kwa ushirikiano na shirika la VSO na kampuni ya gesi ya BG, iliwafundisha vijana ufundi kwa viwango vya kimataifa. Lilikuwa jambo jema kabisa. Binamu yangu mmoja alijifunza kuchomelea wakati ule. Bomba likakamilika 2015, mitambo ya gesi ya Madimba ikabaki na watu wachache kama inavyotakiwa, na yeye sasa yuko Kahama na familia yake. Mkoa umempoteza fundi ambaye utamhitaji tena, maana kinywe cha Ruangwa kimeanza kuchimbwa, kiwanda cha kusindika gesi cha Likong'o kinasubiriwa, na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, mradi wa gesi wa Afungi, uliosimama baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, nao utatafuta mafundi hao hao.

Ninachokiomba kinawezekana kwa daftari na kalamu. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu wajibu wake kwa jamii. Mara nyingi makubaliano hayo yanaishia kwenye madarasa na zahanati, na ni sawa. Madiwani wa Mtwara, Ruangwa na Lindi waongeze ukurasa wa zamu. Mjomba aandikwe kwenye orodha ya likizo ya msiba, kwani sheria inaweka kiwango cha chini tu na hakuna anayemzuia mwajiri kuongeza. Mkataba wa kibarua uvuke msimu, ili anayekwenda shambani ajue siku ya kurudi na namba yake ya kazi isife. Wenye mikorosho wapunguziwe zamu kuanzia Oktoba hadi Desemba, wazifidie Machi na Aprili. Wasio na mikorosho, na wapo wengi mjini na pwani ya Msimbati wanaoishi kwa uvuvi, wachukue zamu hizo za Oktoba kwa nyongeza ya malipo. Mimi hupanga zamu za watu wa imani, nchi na familia mbalimbali, wanaoishi katika miji iliyotawanyika kwenye bara zima. Za watu wa wilaya moja, ambao msimu wao unajulikana mwaka mzima kabla haujafika, zinapangika.