Nafasi ya Plagi

Mwaka 1966 nalikuwa kijana wa miaka 17, nami nalikuwa utingo wa lori la petroli lililochukua mizigo kati ya Dodoma na Iringa. Dereva wetu, mzee wa maneno machache, ndiye aliyenifundisha kazi ya plagi. Alisema, "Mwanangu, plagi ina ncha mbili, na kati yake pana nafasi. Umeme huruka nafasi hiyo ukawa cheche, na cheche huwasha petroli iliyochanganyika na hewa ndani ya silinda. Kitabu cha gari hili chataka nafasi ya inchi 0.025, yaani milimeta 0.6 hivi. Usipime kwa jicho." Akanionyesha kipimo chake: vibati vyembamba kama ukucha, kila kimoja kimeandikwa unene wake.

Siku moja aliniachia plagi zote 6 nizisafishe, naye akaenda kula. Nikaona uvivu kukitafuta kipimo. Tena nalijiona mwerevu, nikidhani ya kuwa cheche ndefu itazidisha nguvu. Basi nikazipanua nafasi kwa kukisia, nikazirudisha plagi mahali pake.

Jioni tukaondoka na magunia ya mahindi. Karibu na dereva aliketi mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali Iringa. Uwandani gari lilikwenda vema, nami nikajisifu moyoni. Lakini tulipoanza kupanda milima ya Nyang'oro, injini ikakohoa, ikapungua nguvu, hata ikasimama. Maana gari likivuta mzigo mlimani, hewa husongamana zaidi ndani ya silinda, na umeme hushindwa kuruka nafasi iliyo pana.

Dereva akafungua plagi moja, akatia kibati, kikapita kikicheza. Akaniuliza, "Ulipima?"

Nikajibu, "Sikupima, mzee."

Hakunigombeza. Akanipa kipimo na taa. Nikazishika plagi za moto kwa kitambaa, nikaugonga polepole ule waya wa pembeni tu; ule wa kati haupindwi, maana kauri yake hupasuka. Nikagonga na kupima, hata kibati kikapita kwa kukwaruza kidogo. Kazi ile ilichukua saa nzima, na muda huo wote nalimsikia mtoto akilia. Halafu akanyamaza, na kimya chake kikanitisha kuliko kilio.

Tulifika Iringa usiku wa manane, mtoto angali hai. Yule mama aliposhuka alinishika mkono akasema, "Ahsante, mwanangu. Bila wewe tungalilala njiani."

Sikuweza kumjibu neno. Shukrani ile ilinichoma kuliko fimbo, kwa kuwa aliyemchelewesha ndiye aliyekuwa akimshukuru.

Tangu usiku ule nimefunga plagi nyingi, wala sijafunga hata moja bila kuipima. Nanyi vijana, mkabidhiwapo kazi ndogo, kumbukeni kwamba hamjui bado ni nani atakayepanda gari lile.