Kipupwe Pwani ya Kilwa: "Hiyo Picha Itafika Wapi?"

Wasafiri wengi watokao Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Tingi wakiwa usingizini. Basi likishavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, vichwa huegemea madirishani na watu huja kuamkia Nangurukuru. Hivyo hawaioni njia panda hii ya Wilaya ya Kilwa, ambapo barabara moja hupanda Kipatimu, katika vilima vya Wamatumbi, na ile kubwa ya lami huendelea kusini. Si mji wa kujivunia majumba. Una maduka, mama lishe, magunia ya ufuta kwa msimu wake, na pikipiki zinazongoja abiria.

Sisi tuliteremka hapo mwezi wa Julai, akina mama wanne wenye simu zetu na kamera moja ya kuazima. Tulifanya makao yetu Tingi, na kila alfajiri tulishuka pwani upande wa Somanga. Mpendwa msomaji, usicheke. Akina mama nao husafiri kwenda kupiga picha, na waume zetu walipika wenyewe wiki ile bila nyumba kuungua.

Kwa nini Julai? Wenzetu wa Ulaya wakitaja picha za pwani wakati wa baridi, huwaza theluji na bahari ya kijivu. Baridi yetu sisi ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Masika imekwisha, anga imeoshwa, na kusi linavuma. Asubuhi utahitaji sweta, na wazee wa pwani hujifunika mashuka hadi masikioni. Jua huchomoza yapata saa 12 na nusu, moja kwa moja kutoka baharini, na kwa muda wa saa nzima mwanga huwa laini kama maziwa ya nazi. Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba mwezi huo jua huegemea kaskazini. Anayetaka sura za watu zing'ae, aipe kaskazini mgongo wake.

Kusi lina taabu zake pia. Hurusha chumvi, nayo chumvi huganda kwenye kioo cha lenzi hata kila picha ikaonekana ina ukungu. Tulibeba chupa ya maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa cha pamba. Kwanza unafuta kwa unyevu, kisha unakausha. Ukifuta pakavu utakwaruza kioo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi simu zetu zilikaa ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko, zimeviringishwa katika kanga kuukuu. Zilitoka salama.

Lakini kinachompa mpiga picha kazi hasa ni bamvua. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3, na hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi. Hapo bahari huondoka ikaacha uwanja wa mchanga, majani ya bahari na miamba, na wanawake hutoka kwa makundi, ndoo vichwani, kwenda kuokota chaza na kutafuta pweza. Ni picha nzuri kupita kiasi. Rangi za kanga juu ya maji maangavu, watoto wakifuata nyuma, mbali jahazi limelala ubavu. Hata asiyejua kushika kamera hawezi kuiharibu.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wake. Mwanamke aliye kwenye maji ya kupwa yuko kazini. Amekaza kanga yake hadi magotini, miguu i wazi, ushungi umerudi nyuma. Hivyo sivyo apitavyo barabarani kijijini kwake, wala sivyo angependa mkwewe amwone. Wenzake walio naye pale ni wanawake wenzake. Kamera ikiingia, imeleta wanaume wa mji mzima.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo, fimbo ya chuma mkononi, pweza wawili kwenye ndoo. Tukamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Za mtokako?"

"Njema, mama. Tulikuwa tunaomba kukupiga picha."

"Mimi? Na matope haya!" Akacheka sana. Kisha akatuuliza, bila kucheka tena: "Hiyo picha itafika wapi?"

Tulimweleza: kwenye simu za watoto wetu, na pengine gazetini. Akafikiri kidogo. Akatoka majini, akashusha kanga, akajitanda vizuri, akasema sasa pigeni. Mikono yake na ndoo aliruhusu pia. Ila akatusogeza kando. "Lile jiwe la nyuma yangu lisionekane," alisema. Chini ya lile jiwe pana shimo la pweza, naye hulijua peke yake. Pweza akichukuliwa, mwingine huja kuhamia mlemle. Shimo kama hilo ni ghala la chakula na ada ya shule.

Maneno yale yalitufumbua macho kuliko somo lolote la darasani. Simu nyingi za siku hizi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa meta chache. Ukiituma picha hiyo nzima, umetuma na ramani ya shimo la mama wa watu, au ya nyumba yako mwenyewe na kitanda anapolala mwanao. Mitandao mingine hufuta habari hiyo picha inapopita. WhatsApp huifuta picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili huenda nayo yote. Dawa nyepesi ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kuzima mahali kabla hujafika ufukweni. Sisi tulifanya hivyo jioni ileile, tukisaidiana, maana mmoja wetu alikuwa na simu ya Kichina yenye maneno madogo mno.

Tulimwonyesha yule mama picha zote. Mbili alizikataa, tukazifuta mbele yake. Tahadhari hapa, akina mama: picha iliyofutwa huenda kwanza kwenye kapu la takataka la simu, na hukaa humo siku 30 au hata zaidi. Lazima uifuate huko uifute mara ya pili.

Wako watakaosema, kwani shida iko wapi, si mumpige kwa nyuma tu, au dhidi ya jua, sura isionekane? Ni kweli, asubuhi pwani hii mtu aliye kati yako na bahari huwa kivuli cheusi, na picha hizo zinapendeza. Wageni hawatamtambua. Lakini kijijini mtu hutambuliwa kwa mwendo wake, na kwa kanga yake. Yenye maandishi inasomeka hata mgongoni. Basi hata kivuli kinaombewa ruhusa.

Jambo hili pwani yetu si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama za A. C. Gomes na Coutinho Brothers zilipiga picha za wanawake wa pwani, nazo zikauzwa kama kadi za posta na kusafiri hadi Ulaya. Kadi nyingi hazikutaja jina la mwanamke. Ziliandikwa tu kwamba ni Mswahili. Leo wajukuu wa wajukuu wao hawawezi kuwatambua, na kadi zingali zinauzwa kwa watu wanaokusanya vitu vya kale. Kadi ilisafiri kwa meli, majuma kadhaa. Yetu inafika Toronto na Muscat kabla pweza hajafa.

Sheria nayo imeamka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na iko Tume inayopokea malalamiko ya wananchi. Taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ile desturi ya kurusha picha za watoto wa watu wakicheza uchi majini, eti ni za kuchekesha, tuiache kabisa. Hata wa kwako mwenyewe, mwenye sare yenye jina la shule kifuani, umempa mtu asiyemjua anuani yake.

Mpiga picha pia ana haki. Picha ni mali yako tangu ulipobonyeza, bila kuandikishwa popote, kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Asiyetaka picha yake ionekane kesho kwenye tangazo la hoteli, aweke mtandaoni nakala ndogo, aandike jina lake katikati ya picha na si pembeni panapokatika, na nakala kubwa aitunze nyumbani. Aandike na tarehe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara hii ikakatika maeneo ya Somanga, picha za mafuriko zilikuwa habari muhimu kwa wenye ndugu safarini. Picha ya namna hiyo ikikosa tarehe, masika ijayo huweza kurudi kama habari mpya na kuwatia watu hofu bure.

Siku ya mwisho tulikwenda Kilwa Masoko, tukachukua kibali na kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Huko tulipiga bila kuhesabu. Magofu hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, mawimbi yakiwa miongoni mwa maadui wake. Gereza lipo ukingoni mwa maji. Picha ya ukuta ule, ikipigwa kila mwaka kutoka mahali palepale, humwonyesha fundi na mtaalamu jiwe lililohama. Basi hizo tulizirusha kwa nakala kubwa, mahali na tarehe vikiwa vimeandikwa, yeyote azitumie. Nahodha alitutaka turudi kabla ya adhuhuri, kusi lisije likachachamaa, na tulipofika Masoko sketi zetu zote zilikuwa zimelowa, kopo la simu kavu.