Nani Alijibu Kwanza?

Simu yako ikiingia kwenye waifai, huanza kwa kupiga kelele. Haina anwani, haimjui yeyote, kwa hivyo inawauliza wote: jamani, nani atanipa anwani? Seva ya DHCP inajibu: chukua hii, mlango wa kutokea ni huu, na ukitafuta tovuti, fulani atakuelekeza. Simu kwa kawaida humkubali aliyejibu kwanza. Haiombi kitambulisho. RFC 2131, waraka wa 1997 ulioeleza utaratibu huu, wenyewe unakiri kwamba usalama wake ni duni. Mshambulizi anachohitaji ni kuwahi kujibu, ajitaje kuwa ndiye mlango.

Kwenye ploti yetu Roysambu, intaneti ilianza kupotea kila jioni. Nyumba hii inapata, ya jirani haipati. Wapangaji wakaamua ni yule kijana wa ghorofa ya tano, mwenye laptopu mbili, asiyetoka mchana. "Huyo ni haka," wakasema, na mwenye nyumba akampa hadi Jumapili awe ameondoka. Mimi kazi yangu ni mitandao. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyekuwa ameangalia kitu chochote.

Na kuangalia si uchawi, bana. Nilifungua Wireshark, nikachuja DHCP pekee, nikazima waifai ya laptopu na kuiwasha tena. Ombi moja likatoka, majibu mawili yakarudi: moja la rauta ya jengo, 192.168.1.1, lingine la 192.168.0.1, mgeni kabisa. Kila jibu hubeba anwani ya MAC, na nusu yake ya kwanza hutaja kampuni iliyotengeneza kifaa. Hii ilikuwa ya rauta ndogo za nyumbani. Lakini MAC hughushiwa, kwa hivyo nilienda kwenye swichi ya ngazini nikachomoa waya mmoja mmoja, nikiomba anwani upya kila mara.

Jibu la pili lilikatika nilipochomoa waya wa nyumba namba 7. Kumbe mama wa pale alinunua rauta ya kuongeza nguvu ya waifai, akachomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Huiwasha akitoka kazini, jioni.

Kwenye waya, kosa lake na shambulizi vinafanana. Pakiti haina nia. Ila mwizi wa nywila angetaka intaneti yako ifanye kazi vizuri, uendelee kuandika. Mlango wa rauta hii haukufika popote.

Nilimweleza mwenye nyumba: "Mzee, kuna swichi zenye DHCP snooping. Unaitajia tundu moja lenye ruhusa ya kugawa anwani, majibu ya kwingine inayatupa." Akauliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza.

Notisi ilifutwa. Msamaha, hakuna aliyeomba. Kijana alihama mwenyewe mwezi uliofuata, na siku anabeba godoro wale wale walisimama kwenye ngazi wakimtazama.